Mama, Daftari la Jometri Lisikutishe

Je, umewahi kumsikia mtoto wako wa sekondari akisema, "Mama, swali hili hutaliweza, limeandikwa kwa Kiingereza"? Nawe ukamjibu, "Kweli, mwanangu, hata mimi hesabu zilinishinda tangu zamani. Mngoje baba yako"? Maneno kama hayo husemwa katika nyumba nyingi, wala hayasemwi kwa nia mbaya. Lakini mtoto huyapokea kwa namna yake. Binti, hasa, huelewa kwamba hesabu si kazi ya wanawake, na kwamba kushindwa hesabu ni jambo la ukoo, kama kurithi pua ya bibi. Siku akipata alama 12 kati ya 100 hashtuki. Anajiambia, "Si hata mama alishindwa?"

Hapo ndipo hasara huanza. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yanayowaangusha watahiniwa wengi katika mtihani wa kidato cha nne. Na mtoto hakati tamaa siku ya mtihani. Hukata tamaa mapema, akiwa kidato cha kwanza au cha pili, jioni, mbele ya daftari lake, wakati hakuna mtu wa kumwambia, "Hebu tulitazame pamoja."

Makala hii inahusu sehemu moja tu ya hisabati: ile ya kuchora nukta kwenye karatasi ya miraba, kutafuta mteremko wa mstari, na kupima umbali kati ya nukta mbili. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto hukutana nayo mapema katika sekondari, tena hukutana nayo katika jiografia na fizikia. Pili, ndani yake hamna jambo ambalo mama aliyemaliza darasa la saba hawezi kulifuata. Kunahitajika kutoa, kugawanya, kuzidisha, na ile kanuni ya Pythagoras ya pembetatu yenye pembe mraba. Basi, vuta kiti, chukua penseli na karatasi, tuanze.

Kwa nini mtoto hukwama?

Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania, mtoto hufundishwa hesabu kwa Kiswahili. Hujifunza pembetatu, kipeo cha pili, kipeuo cha pili, namba hasi na namba chanya. Kisha, siku moja ya Januari, anaingia kidato cha kwanza na kukuta vitu vile vile vimebadilishwa majina yote, maana sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mara nyingi kinachomshinda si hesabu yenyewe bali ni jina lake jipya. Anakariri kanuni yenye herufi na namba ndogo ndogo zilizoshikana, bila kujua inasema nini.

Hapa mama ana nafasi ambayo hata mwalimu mwenye wanafunzi 70 darasani hana. Mwambie mtoto, "Sijui Kiingereza chenu hicho. Nieleze kwa lugha yetu, jambo hili maana yake ni nini." Akiweza kukueleza, ameelewa. Akishindwa, ninyi wawili mmekwisha kupata mahali pa kuanzia.

Kulia kwanza, kisha juu

Wengi wetu tumewahi kushika kitambaa cha kudarizi chenye vijishimo vilivyopangwa mraba mraba. Ukitaka kudarizi ua mahali fulani, huhesabu vijishimo: kutoka kwenye kona, vitatu kwenda kulia, viwili kwenda juu, hapo unachoma sindano. Ukimwelekeza jirani kwa namba hizo mbili, atachoma sindano mahali pale pale ulipochoma wewe.

Hiyo ndiyo maana ya nukta (3, 2) katika daftari la mtoto. Namba ya kwanza husema uende kulia kiasi gani, na ya pili husema upande juu kiasi gani. Mstari uliolala huitwa mhimili wa x, na uliosimama huitwa mhimili wa y. Mahali inapokutana ni sifuri, pa kuanzia. Namba ya kwanza ikiwa hasi, unakwenda kushoto badala ya kulia. Namba ya pili ikiwa hasi, unashuka chini badala ya kupanda.

Anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wa njia hii ni René Descartes, mtu wa Ufaransa, katika kitabu chake cha mwaka 1637. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa picha inaweza kugeuzwa kuwa namba, na namba zikageuzwa kuwa picha. Ndiyo sababu shauri la kwanza la kumpa mtoto ni hili: asianze na kanuni, aanze kwa kuchora. Hata mchoro mbaya wa penseli huokoa alama nyingi.

Mteremko: kila hatua moja unapanda ngapi?

Akina mama wanaolima katika milima ya Usambara au Uluguru hawahitaji kuambiwa mteremko ni nini. Wanaujua kwa magoti yao na kwa udongo unaochukuliwa na mvua. Shamba kali na shamba la kadiri hayafanani. Swali la hesabu ni moja tu: ukali huo tuupime vipi ili tuseme namba?

Jibu ni hili: kwa kila hatua moja ya kwenda mbele, unapanda hatua ngapi? Basi. Kutafuta mteremko wa mstari ni kugawanya kiasi cha kupanda kwa kiasi cha kwenda kulia.

Tuchukue nukta mbili, A (1, 2) na B (5, 10). Kutoka A hadi B tumekwenda kulia kiasi gani? 5 toa 1 ni 4. Tumepanda kiasi gani? 10 toa 2 ni 8. Sasa gawanya: 8 ÷ 4 = 2. Yaani, kila ukienda kulia hatua 1, unapanda hatua 2. Shuleni neno litumikalo ni gredienti, lakini kazi ni hiyo hiyo.

Tuchukue nyingine, C (0, 6) na D (3, 0). Kwenda kulia: 3 toa 0 ni 3. Kupanda: 0 toa 6 ni hasi 6. Gawanya: hasi 6 ÷ 3 = hasi 2. Alama ya hasi inatuambia kwamba tunashuka. Mtoto akichora ataona mstari unateremka kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayerudi kutoka mlimani.

Kuna mistari miwili inayowachanganya watoto. Mstari uliolala kabisa haupandi wala haushuki, kwa hiyo mteremko wake ni 0. Mstari uliosimama wima, kama nguzo ya nyumba, hauendi kulia hata kidogo. Hapo tungelazimika kugawanya kwa 0, jambo lisilowezekana, na kwa sababu hiyo mteremko wake hauwezi kutajwa kwa namba. Mtoto asiandike kwamba ni 0. Uwanja na nguzo si kitu kimoja.

Umbali: kukatiza shamba badala ya kuzunguka

Sasa tupime umbali. Tuseme nukta E iko (2, 1) na nukta F iko (5, 5). Kutoka E hadi F unakwenda kulia hatua 3, kisha unapanda hatua 4. Mtoto mwenye haraka atajumlisha na kusema umbali ni 7. Lakini 7 ni hatua za mtu anayezunguka shamba kwa kufuata mipaka. Anayekatiza katikati hutembea hatua pungufu ya hapo. Je, hutembea hatua ngapi?

Hapo tunaikumbuka kanuni ya Pythagoras. Zile hatua 3 na hatua 4 ni pande mbili fupi za pembetatu yenye pembe mraba, na njia ya kukatiza ndiyo upande mrefu. Zidisha 3 kwa 3 upate 9. Zidisha 4 kwa 4 upate 16. Jumlisha: 25. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha 25, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 25. Jibu ni 5. Umbali ni 5.

Ile kanuni ndefu ya umbali iliyo katika vitabu vya sekondari si kitu kingine ila hiyo Pythagoras ya zamani iliyovaa nguo mpya. Mtoto akilijua hilo, hana haja ya kuikariri kwa hofu. Hata akiisahau katika chumba cha mtihani, atachora pembetatu na kuipata tena.

Tujaribu yenye namba hasi, kwa sababu huko ndiko wengi huanguka. Nukta G ni (-3, 4) na nukta H ni (2, -8). Kwenda kulia: kutoka hasi 3 hadi 2 ni hatua ngapi? Mtoto ahesabu kwa kidole: tatu za kufika sifuri, mbili za kuendelea, jumla 5. Kushuka: kutoka 4 hadi sifuri ni hatua 4, kutoka sifuri hadi hasi 8 ni hatua 8, jumla 12. Sasa 5 mara 5 ni 25, na 12 mara 12 ni 144. Jumla ni 169, na kipeuo chake ni 13. Umbali ni 13.

Swali lenye sura ya mtihani

Tuone jinsi mteremko na umbali vinavyofanya kazi pamoja. Swali linasema: Pembetatu ina kona P (1, 1), Q (4, 5) na R (8, 2). Onyesha kwamba kona iliyo Q ni pembe mraba.

Mtoto achore kwanza. Kisha aandike safari za kila upande.

Kutoka P hadi Q: kulia 3, juu 4. Umbali ni 5, na mteremko ni 4/3.

Kutoka Q hadi R: kulia 4, chini 3. Umbali ni 5, na mteremko ni hasi 3/4.

Kutoka P hadi R: kulia 7, juu 1. Hapa 49 jumlisha 1 ni 50, basi umbali ni kipeuo cha pili cha 50, yaani zaidi kidogo ya 7.

Njia ya kwanza ni ya umbali. Pande mbili fupi zikizidishwa kila mmoja kwa wenyewe hutoa 25 na 25, jumla 50. Upande mrefu nao hutoa 50. Zimelingana, kwa hiyo kona ya Q ni pembe mraba.

Njia ya pili ni ya mteremko. Mistari miwili ikikutana kwa pembe mraba, miteremko yao ikizidishwa hutoa hasi 1. Zidisha 4/3 kwa hasi 3/4: unapata hasi 1. Jibu ni lile lile. Mwonyeshe mtoto sababu yake kwenye mchoro: hatua 3 kulia na 4 juu zimegeuka kuwa hatua 4 kulia na 3 chini. Mstari umegeuka kona, namba zikabadilishana nafasi na moja ikawa hasi. Na mistari miwili isiyokutana kamwe, kama reli mbili za treni, huwa na mteremko mmoja.

Tazama tena: PQ ni 5 na QR ni 5. Pembetatu hii ina pande mbili sawa pia. Mtoto aliyechora aliliona jambo hilo kabla ya kuanza kuhesabu.

Makosa manne ya kawaida

Unaweza kusahihisha kazi ya mtoto hata kama hukumbuki kila kitu, ukijua makosa yanapojificha.

1. Kugeuza namba. Mtoto huanza na juu badala ya kulia, nukta (3, 2) ikawa (2, 3). Mwulize, "Umeanza wapi?"

2. Kugeuza mgawanyo. Badala ya kugawanya kupanda kwa kwenda kulia, hugawanya kwenda kulia kwa kupanda. Mstari mkali sana hupewa mteremko mdogo. Mchoro humfichua mara moja.

3. Kubadili mpangilio wa kutoa. Kwa namba za juu hutoa A kutoka B, lakini kwa namba za kulia hutoa B kutoka A. Mstari unaopanda huonekana kama unashuka. Anaweza kuanza na nukta yoyote, mradi afuate mpangilio huo huo pande zote mbili. Katika mfano wetu wa kwanza, 2 toa 10 ni hasi 8, na 1 toa 5 ni hasi 4. Hasi 8 gawanya kwa hasi 4 ni 2, jibu lile lile.

4. Kusahau kipeuo. Anafika 25 anafunga daftari na kusema umbali ni 25. Mfundishe kupima jibu kwa akili: umbali wa kukatiza lazima uzidi kila upande peke yake, lakini upungue jumla ya pande zote mbili. Kwa pande za 3 na 4, jibu lazima liwe zaidi ya 4 na chini ya 7. Hivyo 25 haliwezekani.

Inatumika wapi?

Watoto huuliza, na wana haki ya kuuliza, "Hesabu hii itanisaidia nini?" Usimjibu tu kwamba ni ya mtihani. Mtume akamtazame fundi anayejenga msingi wa nyumba. Fundi hupima mita 3 upande mmoja wa kona na kutia alama, kisha mita 4 upande wa pili. Akinyoosha utepe kati ya alama hizo na kupata mita 5 kamili, kona iko skwea. Ikizidi au ikipungua, nyumba itakwenda upande. Hiyo ni ile ile safari ya kutoka E hadi F.

Ama fikirini pamoja juu ya mlango wa kanisa au wa zahanati wenye ngazi, na mzee mmoja anayetumia kiti cha magurudumu. Mnataka kumjengea njia ya kupandia. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi, na kilichomo katika viwango vya Marekani, ni kwamba kwa kila kipimo 1 cha kupanda pawe na vipimo visivyopungua 12 vya kwenda mbele. Mlango ukiwa juu kwa sentimita 30, njia ianze angalau sentimita 360 kutoka mlangoni, yaani mita 3 na sentimita 60. Njia fupi kuliko hiyo itakuwa kali, na atakayeisukuma atachoka au kumwangusha mzee. Na urefu wa njia yenyewe ni upi? 30 mara 30 ni 900, 360 mara 360 ni 129,600, jumla 130,500. Kipeuo chake ni kama 361. Njia imeongezeka sentimita 1 tu kuliko umbali wa chini, lakini mzee ameingia mlangoni bila kubebwa.

Katika jiografia, mtoto hupewa ramani ya kipimo cha 1 kwa 50,000. Hapo sentimita 2 katika ramani ni kilomita 1 katika nchi, na mistari ya miraba imechorwa kila kilomita. Kijiji kimoja kikiwa miraba 3 mashariki na miraba 4 kaskazini ya kingine, umbali ulionyooka kati yao ni kilomita 5. Kimoja kikiwa juu ya kingine kwa mita 200, basi kwa wastani nchi inapanda mita 200 katika mita 5,000, yaani mita 1 kila mita 25. Mteremko na umbali ni vile vile, ingawa somo ni jingine.

Mama wa mabinti watatu

Binti yako akikuambia kwamba hesabu hizi si za wanawake, msimulie habari za Katherine Johnson.

Alizaliwa mwaka 1918 katika mji mdogo wa White Sulphur Springs, jimbo la West Virginia, Marekani. Mama yake alikuwa amepata kuwa mwalimu, na baba yake alikuwa mkulima na mtu wa kazi za mikono. Tangu utotoni alipenda kuhesabu kila kitu. Lakini katika wilaya yao, shule ya watoto weusi iliishia darasa la nane. Wazazi wake hawakukubali watoto waishie hapo. Familia ikawa ikiishi mji wa mbali wa Institute wakati wa masomo, ili watoto waendelee na sekondari, na kurudi nyumbani wakati wa likizo ya kiangazi.

Katika chuo, Profesa William Schieffelin Claytor alikiona kipawa chake, akaanzisha kwa ajili yake somo maalumu la jometri ya majira, ile ile ya nukta na namba, ila iliyopanuliwa hadi angani, ambako mbali na kulia na juu pana na kina. Alimaliza chuo mwaka 1937, akiwa na miaka 18. Alifundisha, akaolewa, akaacha masomo ya juu ili kulea familia, akapata mabinti watatu.

Mwaka 1953 aliajiriwa Langley, katika jimbo la Virginia, na taasisi ya utafiti wa ndege ambayo mwaka 1958 iligeuka kuwa NASA. Wanawake waliofanya kazi hiyo ya kuhesabu kwa mkono waliitwa kompyuta, kabla mashine hazijachukua jina hilo. Mwaka 1956 mumewe alifariki kwa ugonjwa, akabaki na mabinti wake. Hakuacha kazi. Mwaka 1962 John Glenn alipokuwa karibu kurushwa kuizunguka dunia, njia ya chombo chake ilikuwa imehesabiwa na mashine. Glenn aliomba kwamba Katherine azipitie namba hizo kwanza kwa mkono wake. Alizipitia, zikawa sawa, na Glenn akaizunguka dunia mara tatu na kurudi salama.

Mwaka 2015, akiwa na miaka 97, Katherine alitunukiwa na Rais Barack Obama nishani ya juu kabisa ya raia nchini Marekani. Alifariki Februari 2020, akiwa na miaka 101. Hebu fikiri: kama wazazi wake wangesema kwamba darasa la nane linamtosha binti, namba zile zingepitiwa na nani?

Mambo ya kufanya nyumbani

Si lazima uwe mwalimu. Mama anaweza kufanya haya machache:

Tenga nusu saa. Binti anayetoka shule na kupelekwa moja kwa moja kuchota maji, kupika na kuosha vyombo, hufungua daftari akiwa amelala nusu. Kazi za nyumbani ni nzuri, lakini zigawanywe, na kaka zake pia washike ufagio. Nusu saa kabla ya giza, akili ikiwa bado nyepesi, huzaa kuliko saa mbili za kusinzia.

Mwambie akufundishe. "Leo nifundishe mteremko." Anayefundisha hulazimika kuelewa. Usione haya kuuliza mara mbili. Mtoto hujifunza kwamba kuuliza si aibu.

Uliza maswali matatu: "Umechora? Umekwenda kulia kiasi gani na juu kiasi gani? Je, jibu lako linafanana na picha?" Maswali haya yanatosha kwa sehemu kubwa ya mazoezi haya, nawe huhitaji kujua jibu ili uyaulize.

Nunua karatasi ya miraba, au mchore wenyewe kwa rula. Penseli na kifutio ni bora kuliko kalamu, kwa sababu kosa linalofutika halitishi.

Sifu kazi, si kipaji tu. "Umetafuta kosa lako mwenyewe mpaka umelipata" ni sifa bora kuliko "Una akili sana." Siku akikosa, sifa ya kwanza itabaki kweli.

Zungumza na mwalimu. Mwombe akuambie ni hatua gani hasa inayomshinda mtoto: kutoa namba hasi, kuchora, au Kiingereza. Ni rahisi kusaidia jambo moja linalojulikana kuliko kulalamikia "hesabu" kwa jumla.

Na baba naye asiachwe nje. Mtoto anayewaona wazazi wote wawili wakiinamia karatasi moja, hata kama wote wanakuna kichwa, anajua kwamba jambo lake lina thamani.

Mama mwenzangu, haba na haba hujaza kibaba. Nukta moja leo, mstari mmoja kesho. Jioni ya leo anza na hili: nukta ya kwanza ni (1, 3) na ya pili ni (7, 11). Tafuteni mteremko na umbali, wewe katika karatasi yako na mtoto katika yake, bila kutazamana. Mkipata 4/3 na 10, mmeweza. Mkipata majibu tofauti, msikasirike. Wekeni karatasi mbili pamoja, mtafute ni hatua gani mliyoachana njia.